Karatasi za Maalim Boru na Kibali cha Ng'ombe

Kwanza niwatoe wasiwasi: mimi si mchawi. Nalazimika kusema hivyo kwa sababu mjukuu wangu amewaambia nyinyi wenzake wa duka la kuchapisha karatasi kwamba nyanya yake alikuwa "akitengeneza dawa", na sasa kila nikipita hapo mnaniamkia kwa heshima ambayo sijaizoea. Yule mrefu wenu hata ananiangalia mikono. Mikono hii ilikuwa ya fundi wa karatasi. Nilikunja, nikapaka nta, nikashona. Kilichoandikwa ndani hakikuwa changu, na kwa miaka yote ya kazi ile sikukisoma hata mara moja. Kutokusoma huko ndiko kulikoniingiza kwenye balaa nitakayowaeleza, lakini ngojeni kwanza, mna haraka ya nini? Mashine zenu si zinachapisha zenyewe?

Nilikuja Isiolo katikati ya miaka ya sabini nikimfuata mume wangu Mutuma, aliyekuwa dereva wa lori la maji. Kabla ya hapo nilikuwa nimejifunza kujalidi vitabu kwenye karakana ya kanisa kule Meru. Isiolo ya wakati huo ilikuwa na upepo, mbuzi na vitabu vilivyochanika, yaani kila kitu anachohitaji mjalidi. Upepo ulichana, mbuzi walikula kona, mimi nikarekebisha. Nilipewa nafasi kwenye veranda ya duka moja karibu na msikiti, nikaweka meza, msharasi wa kutobolea ngozi, sindano kubwa ya shazia na kopo la gundi, nikangoja wateja.

Mteja wangu wa kwanza wa maana alikuwa Maalim Boru. Alikuwa Mborana mwembamba, mwalimu wa chuo cha Kurani cha watoto, na watu walitoka Kinna, Oldonyiro na kwingineko kuja kwake kuandikiwa dua. Siku hiyo aliniletea kitabu chake cha zamani, karatasi zimeachana zote kama majani ya kabichi.

"Mama, unaweza hiki?"

Nikamwambia kitabu ni kitabu tu. Nilikaa nacho siku tatu. Nilikipanga, nikakishona, nikakivalisha ngozi nyekundu, nikakikandamiza kwa jiwe mpaka kikanyooka. Maalim alipokuja alikipokea kwa mikono miwili, akakifungua, akakifunga, akakigeuza, akakifungua tena.

"Mama Karimi," akasema taratibu, "kitabu changu kimeingia mlangoni kikitanguliza kisogo."

Nilikuwa nimekijalidi kama kitabu cha nyimbo za kanisani, mgongo kushoto. Kitabu cha Kiarabu huanza upande ule mwingine. Nilikuwa nimeuweka mwisho mbele na mwanzo nyuma, tena kwa ustadi mkubwa, kwa uzi ambao haukatiki kirahisi. Hakunigombeza. Alivuta gunia, akaketi, akaniangalia nikifumua mshono mmoja mmoja, na kila nilipotaka kupanga karatasi alikuwa akikohoa. Akikohoa, nimekosea. Akinyamaza, niendelee. Tulimaliza siku ya pili yake, adhuhuri. Kabla hajaondoka aliutazama mshono kwa muda, akasema, "Mkono wako ni mzuri. Ni kichwa tu." Juma lililofuata akaniletea hirizi ya kwanza kushona.

Sharti lilikuwa moja: sifungui. Yeye ataandika, ataigeuza karatasi uso chini, mimi nitakunja, nitapaka nta na kuishonea ngozi. Karatasi ikishakunjwa haifunguliwi na mtu, si mimi, si mwenyewe, si askari. "Ikifunguliwa imekufa," aliniambia. "Na ukifungua moja tu, Mama Karimi, mimi na wewe tumeshamalizana." Alikuwa mpole katika mambo yote isipokuwa hilo. Mimi nikalishika sharti lile kuliko nilivyoshika mengine niliyofundishwa kanisani, Mungu anisamehe, kwa sababu mle kanisani hakuna aliyekuwa ananiletea kazi kila Jumatatu.

Sasa nyinyi mnaodhani karatasi ni karatasi, sikilizeni. Karatasi ya daftari la shule ilikuwa haifai kwa sababu ina mistari, na Maalim alisema dua si wanafunzi wa kupangwa foleni. Ya barua za ndege, ile nyepesi ya buluu, tuliitumia kwa watoto wachanga, maana hirizi yake haiwalemei shingoni. Ngamia alitaka karatasi ya mfuko wa saruji. Ngamia anatoka jasho, anajisugua kwenye miti, anateremka mtoni, na karatasi nyingine yoyote ingekuwa uji kwa siku mbili. Mfuko wenyewe una tabaka kadhaa: la nje limeshika vumbi la saruji, litupe, la ndani ndilo zuri. Niliwahi kutumia la nje kwa ujinga, ngamia akanyeshewa, na hirizi ikawa jiwe. Mwenyewe alifurahi sana. Alisema dua imekomaa.

Kukunja nako kuna elimu yake. Mara tatu kwa urefu, mara tatu kwa upana. Kinachotakiwa kije, kama mtoto, mvua au mume aliyepotelea Nairobi, unakunja kuelekea kifuani mwako. Kinachotakiwa kiende, kama homa, fisi au jirani mwenye kesi, unakunja kuelekea nje. Siku moja nilichanganya, nikakunja ya mume wa mama mmoja kuelekea nje. Sitasema mengi, ila yule mama alirudi baada ya miezi miwili kunishukuru, akaniletea na maziwa.

Halafu nta. Nta ndiyo inayozuia jasho. Maalim alitaka nta safi, na alipoona yangu jinsi ilivyo nyeupe aliniuliza nimeipata wapi. Nikamwambia, "Ni nta, Maalim." Sikudanganya. Ilikuwa vipande vya mishumaa ya kanisani, ambavyo mama msafishaji alikuwa akinikusanyia kwenye mkebe wa kahawa. Mishumaa hiyo imelinda ng'ombe wa Waislamu wengi wa wilaya ile, na sijasikia upande wowote ukilalamika.

Wino ulikuwa kazi ya Maalim mwenyewe. Kwa hirizi za kuvaa alitumia masizi na gundi ya mgunga. Kwa kombe alitumia zafarani. Kombe, kwa wale msiojua, ni dua inayoandikwa kwenye sahani, ikaoshwa kwa maji, mgonjwa akayanywa. Wateja wenye ujuaji walikuwa wakileta kalamu za biro, eti za kisasa. Maalim alikataa. Wino wa biro hauoshiki, alisema, na wino unaong'ang'ania sahani hauna cha kumpa mgonjwa.

Lakini na yeye alikuwa na siku zake. Kuna karani aliyempa zawadi ya penseli ya wino, ile ambayo ncha yake ikipata maji inatoa rangi ya zambarau. Maalim aliiona kama muujiza. Inaandika kama penseli, inayeyuka kama zafarani! Akamwandikia kombe mchinjaji mmoja mwenye tumbo, jitu kubwa, na yule akayamaliza maji yote hadi tone la mwisho. Kufika alasiri, ulimi, midomo na meno yake yote yalikuwa ya zambarau, na tumbo lilikuwa limezidi kuuma. Siku tatu nzima alikuwa akiuza nyama kwa mdomo wa rangi ile, na Maalim alikuwa akipita njia ya nyuma. Siku ya nne walikuja watu sita kwenye veranda yangu kutafuta "ile dawa ya zambarau". Wanasema hiyo ndiyo inayoingia, maana mtu anaiona ikiingia. Maalim akaitupa penseli chooni na kuniambia jambo hilo tusilizungumze tena. Nami nimelinyamazia mpaka leo.

Msifikiri ni wazee wa vijijini tu waliokuja. Kulikuwa na mwalimu wa sayansi aliyeuita mchezo huu ushirikina mbele ya darasa zima. Alikuja kwangu akipitia kwenye uchochoro wa duka la nyama, anataka kitu cha kumsaidia apandishwe cheo, lakini kiandikwe kwenye karatasi ya grafu. Nilimuuliza kwa nini. Akaniambia, "Mama, hata hii lazima iwe na vipimo."

Basi, balaa yenyewe. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, kiangazi kimeshika, na ng'ombe wa kaskazini walikuwa wanaanguka njiani. Nyasi zilikuwa zimebaki upande wa juu, kuelekea mlimani, lakini kuna kizuizi cha mifugo barabarani na hakuna ng'ombe aliyepita bila kibali, kwa sababu ya ugonjwa wa midomo na kwato. Mzee Galgalo wa Korbesa alikuwa amebakiwa na ng'ombe thelathini na wanne. Aliwaacha na wanawe nje ya mji, akaja kutafuta kibali, akapewa cha siku mbili. Siku ya pili jua likizama, kibali kimekufa, arudi kwenye foleni upya. Na ng'ombe wake hawakuwa na siku nyingine ya kungoja.

Alifika kwangu asubuhi na kibali mkononi. "Mama Karimi, hii karatasi kunja ndogo, iingie mfuko. Jasho isiharibu." Nikaikunja. Sasa hapo ndipo kosa lilipoanzia, na ni kosa la majivuno. Nilikuwa nimeuzoea mkunjo wa Maalim kiasi kwamba nilikuwa nakunja kila kitu hivyo: barua za nyumbani, karatasi za sukari, hata leso za watoto. Mara tatu kwa urefu, mara tatu kwa upana. Kibali cha serikali nacho nikakikunja vivyo hivyo, nikakiweka mezani, mkono wangu wa kulia.

Galgalo akaenda kwa Maalim, akarudi na karatasi ya pili, hirizi ya fahali wake anayewaongoza wengine. Siku hiyo Maalim alikuwa ameikunja mwenyewe. Na kwa kuwa siku hizo alikuwa akiandikia fulskepu alizopewa na yule karani wa penseli, karatasi zote mbili zilikuwa sawa kwa rangi, kwa unene na kwa mkunjo. Nikaiweka hiyo upande wa kushoto. Nilikuwa na hakika kabisa: kulia serikali, kushoto Maalim.

Hapo akatokea kiongozi wa kwaya yetu, tukaanza kubishana juu ya jalada la kitabu chake cha nyimbo. Yeye anataka kijani, mimi ninayo nyekundu. Ili nimwonyeshe vizuri hiyo nyekundu nikahamia upande wake wa meza, na nilipomaliza kumshinda nikaketi papo hapo nilipokuwa. Mmeona? Meza ni ileile, karatasi hazijasogea, ila kulia kumekuwa kushoto.

Niliishika ile ya kushoto. Nakumbuka kidole changu kilisita. Ningeifungua kidogo tu, ningejua. Lakini kama ni ya Maalim, ningekuwa nimeiua, na nimejifukuzisha kazi. Nikajiambia, Karimi, shika adabu. Nikailaza kwenye sahani ya bati yenye nta ya moto, nikapaka nta juu yake, nikaivalisha ngozi ya mbuzi, nikashona. Ile nyingine nikaitia kwenye bahasha, nikaifunga vizuri kwa gundi. Galgalo akaninyooshea mkono kwa furaha, hirizi begani, bahasha kifuani, akaenda zake kwa ng'ombe.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nakwangua sahani ya nta. Nta ilikuwa imeganda bapa, na katikati yake kulikuwa na maandishi ya zambarau, herufi kubwa za duara. Nikasoma: OLOISI. Nikafikiri ni jina la Msamburu. Nikawaza, huyu Oloisi ni nani, na ameingiaje kwenye nta yangu? Nikaigeuza sahani huku na huku. Kisha nikaona herufi S imetazama upande usio wake, L nayo pia, nikaisoma tena kutoka mwisho. Kibali kilikuwa kimegongwa mhuri mgongoni, upande uliolala kwenye sahani, na nta ya moto ilikuwa imeunyonya mhuri mzima. Isiolo, kwa kinyume. Na Maalim hana mhuri.

Nilikimbia na sahani mkononi mpaka chuoni. Maalim aliwaacha watoto katikati ya somo akatoka nje.

"Kibali kiko wapi?" akaniuliza.

"Shingoni mwa fahali."

"Na dua yangu?"

"Iko kwa bahasha, Maalim. Mzee anaenda kuionyesha serikali."

Aliiangalia sahani. Halafu akasema, "Ungetazama, Mama Karimi."

"Si ulinikataza kufungua?"

"Nilikukataza kufungua karatasi. Sikukukataza kufungua macho."

Mutuma alikuwa anajaza maji kwenye lori lake. Nilimweleza huku nalia, akawasha gari. Tulikaa watatu mbele, Maalim katikati akishikilia kofia yake, mimi dirishani na sahani ya nta kwenye mapaja. Jua lilikuwa linapanda, nami nilikuwa naiweka sahani kivulini kwa kanga, maana sasa nilikuwa na ushahidi unaoyeyuka.

Tulimkuta Galgalo kizuizini. Ng'ombe wamesimama barabarani, mbavu za kuhesabika, na wawili walikuwa wamekwisha lala. Fahali mweusi alikuwa mbele kabisa, hirizi yangu shingoni, ameshonewa vizuri kuliko ng'ombe wote wa kaskazini. Afisa wa mifugo, kijana mgeni aliyeletwa kutoka mbali, alikuwa ameishika karatasi ya Maalim kwa ncha za vidole. Alikuwa ameigeuza mara nyingi mpaka hakuna aliyejua tena juu ni wapi.

"Mzee, hii ni lugha gani?"

"Unaniuliza mimi?" Galgalo akasema. "Si nyinyi mliandika?"

"Hatuandiki hivi."

"Ofisi iliandika. Mimi ilinipa mkononi. Kama imeandika vibaya, gombana na wao."

"Na hii miraba ni ya nini?" Maalim alikuwa amechora jedwali lake la miraba yenye herufi na tarakimu.

Galgalo akaitazama kwa makini, mtu ambaye hakuwahi kusoma hata siku moja. "Hapo ni ng'ombe yangu," akasema. "Moja, moja, kila moja na boma yake."

Afisa akaanza kuihesabu miraba. Naapa, alianza kuihesabu.

Nilishuka nikasema yote. Nilisema mbele ya Galgalo, mbele ya afisa, mbele ya wanawe wawili waliokuwa wanamwinua ng'ombe kwa mkia. Nilisema hiyo ni dua ya Maalim na kibali kimo ndani ya ngozi, na kosa ni langu mimi, si la mtu mwingine. Afisa alipumua. "Basi ni rahisi," akasema. "Kata hiyo ngozi, nione kibali, mpite."

"Haikatwi," akasema Galgalo.

"Mzee!"

"Haikatwi! Jana kwa laga, pale mto mkavu, simba ilikaa mbele yetu. Iliangalia huyu." Akamgusa fahali. "Iliangalia hirizi. Ikaamka, ikaenda. Ng'ombe ya majirani ilichukua mbili, yangu hapana hata moja. Na wewe unasema kata?"

"Lakini Mzee Galgalo," nikasema, na hapa ilikuwa vigumu, maana Maalim alikuwa nyuma yangu, "kilichokuwa shingoni jana si dua. Ni kile kibali."

Galgalo aliniangalia muda mrefu. "Unasema simba iliogopa karatasi ya daktari ya ng'ombe?"

Yule afisa alijinyoosha kidogo, akarekebisha kofia yake. Maalim alikuwa anatazama milima.

Wakati huo ng'ombe wa tatu akapiga magoti. Alikuwa jike mwenye ndama tumboni, na alienda chini polepole bila kelele. Galgalo alimwona. Uso wake ulibadilika, na niliogopa, kwa sababu nilijua mkono wangu ndio uliomfikisha pale. Akatoa kisu chake kiunoni. Akamwendea fahali, akanong'ona maneno ya Kiborana sikioni mwake, akageuza uso pembeni, akakata.

Nilikibandua kibali kutoka kwenye nta kwa ukucha. Kila kitu kilikuwapo, jina, idadi, sahihi. Afisa akakigeuza kutafuta mhuri. Mgongoni palikuwa peupe.

"Hakuna mhuri," akasema. Kwa kweli sauti yake ilikuwa ya huzuni, alikuwa ametaka kutupitisha. "Bila mhuri siwezi. Nitafungwa mimi."

Nikamletea sahani. Nikaondoa kanga. Akainama, akasoma: "Oloisi. Huyu ni nani?"

"Ni mhuri wako," nikamwambia. "Umetoka huko, umekuja hapa. Umegeuka tu."

"Siwezi kupitisha ng'ombe kwa mhuri uliogeuka, mama."

Mutuma, ambaye hakuwa amesema neno tangu mjini, aliichukua sahani mkononi mwangu, akaenda kwenye lori, akainyanyua mbele ya kioo cha pembeni. "Afande," akaita, "njoo usome hapa."

Tulienda wote. Tulijipanga mbele ya kioo cha lori la maji: afisa, Galgalo, Maalim, mimi na wale wana wawili, vichwa vimebanana. Ndani ya kioo, mhuri ulikuwa umesimama sawasawa. Isiolo, na tarehe katikati, inayosema mpaka leo. Afisa alisoma kwa sauti. Alikilinganisha kibali na kioo, kioo na kibali, mara mbili, kisha akaenda akainua mti wa kizuizi kwa mikono yake mwenyewe.

Nililia bila aibu. Mutuma alifungua koki, tukawanywesha ng'ombe kwa mabeseni, na yule jike mwenye mimba akasimama. Afisa alibaki na kibali, ndiyo kanuni. Karatasi ya Maalim ilikuwa imefunguliwa, kwa hiyo imekufa, na Maalim aliipokea, akaikunja, akaitia mfukoni. Galgalo hakuiangalia hata. Alikuwa amesimama mbele yangu akinyoosha mkono kuelekea sahani.

"Nipe hiyo."

"Hii ni nta tu, mzee."

"Ni ile ya simba. Shona."

Niligeuka kumtazama Maalim. Alinipa ishara ya kichwa, ndogo sana. Basi niliketi kwenye kivuli cha lori, nikakata kile kipande cha nta kwa kisu cha Galgalo, nikakirudisha ndani ya ngozi ileile, nikashona, mhuri wa serikali uliogeuka, na ndani yake hakuna hata herufi moja ya Maalim Boru. Nilishona huku nimeinamisha kichwa. Alikuwa amesimama juu yangu muda wote, na hakukohoa hata mara moja.

Tulirudi mjini tumekaa vilevile, watatu mbele, Maalim katikati. Nilijua kilichokuwa kinakuja. Aliniamini kwa sharti moja, nami nimemwaibisha mbele ya mteja, mbele ya serikali na mbele ya fahali. Nilikuwa nimeanza kuwaza nitapeleka wapi meza yangu. Tulivuka mji, tukafika karibu na msikiti, Mutuma akapunguza mwendo. Maalim akavua kofia, akaipangusa vumbi, akaivaa tena.

"Mama Karimi."

"Naam, Maalim."

Alitazama nje upande wa Mutuma, kisha upande wangu, kuhakikisha hakuna mpita njia anayesikia. "Ule mhuri," akasema, "mtu wa kawaida anaweza kuchongewa wa kwake?"